Mkono wa Kushoto Mlangoni

Jumanne, 4 Machi

Mkono wa mwanangu umekatwa! Wa kulia. Mashine ya kukatia karatasi, hapo hapo kiwandani kwao kwenye uchapaji. Huyu huyu waliyemfanya msimamizi mwezi uliopita — hakuna kijana wa umri wake aliyewahi kushika cheo kile, na si mimi ninayesema, ni bosi wake. Walinikuta kazini napiga pasi mashuka ya hoteli. Nikaiacha pasi juu ya shuka. Limeungua. Na liungue!

Mungu wangu, kwa nini huyu? Walevi wa mtaa mzima wana mikono miwili miwili.

Alhamisi, 6 Machi

Wodini. Amelala kaupa ukuta uso. Nimemwambia muuguzi, huyu unayemwona ni msimamizi, umfunge kidonda vizuri. Akasema mama, hapa wote tunawafunga vizuri. Nimelalamika kwake, kwa mfagizi, hata kwa mzee wa kitanda cha pili ambaye hasikii.

Jumapili, 9 Machi

Kikundi cha akina mama, baada ya ibada. Kila mmoja hutaja shukrani moja, na ya wiki iliyopita hairudiwi. Mimi huwa nazo tele, mpaka wananikatiza: "Haya mama msimamizi, tuachie na sisi!" Leo nikasema sina. Mwenyekiti — yule mwenye ulimi — akauliza, na ile sherehe ya shukrani ya cheo cha mwanao uliyotutangazia, ya watu wote kuja nyumbani kwako, tuifute? Nikamwambia ifuteni, na mimi mnifute. Nikatoka. Mwavuli wangu umebaki huko huko.

Jumatano, 12 Machi

Leo kasema! Nilikuwa nimekaa kitandani kwake namwaga yangu — mkono wako, cheo chako, nani atakupa mke. Akageuka. Mama, kila ukija, mimi ndiye nakubembeleza wewe. Nimechoka. Kama kesho unakuja na hayo, usije.

Usije! Mimi niliyembeba mgongoni!

Hasira zangu sufuria zimezijua. Kisha nikapiga magoti, maneno hayaji. Mwisho nikasema: Bwana, asante amegeuka. Siku zote ukuta, leo kanigeukia. Hata kama ni kunifukuza. Ndiyo niliyo nayo, ipokee hivyo hivyo.

Jumamosi, 15 Machi

Ametoka hospitali. Shati kafunga mwenyewe. Nilikalia mikono yangu nisimsaidie. Kifungo cha shingoni kikamshinda, akakiacha. "Masikini mwanangu" ilishafika mdomoni — nikaimeza. Nikasema, asante Mungu kwa vinne. Akasema, vitano. Hakucheka. Lakini alivihesabu.

Jioni mchungaji na mkewe. Mke wa mchungaji kanyosha mkono kwa mazoea, mwanangu kampa wa kushoto. Yule mama akasita. Kidogo tu, ila niliona. Na mwanangu aliona. Akaurudisha mfukoni, na chakula hakugusa.

Mchungaji aliniambia pembeni: hakuna anayekutaka umshukuru Mungu kwa mashine, mama. Mashine imekuumiza, mwambie imekuumiza. Ila usimwambie hilo tu. Nikamjibu, nitajaribu. Sikuwa na uhakika.

Jumatatu, 17 Machi

Cheo wamempa mtu mwingine. Kaambiwa kwa simu. Nikauma kitambaa nisije nikaanza.

Mara hodi, mwenyekiti! Nikajua kaja kunicheka. Kasimama mlangoni, mwavuli wangu kwapani, kamnyoshea mwanangu mkono — wa kushoto. Huyu huyu mwenye ulimi! Mwanangu kautazama, kautazama. Kaushika.

"Mama yako kafuta shukrani yake," akasema. "Sisi hatujafuta. Tusije?"

Mwanangu kaupokea mwavuli, kautundika ukutani. Kisha: mama, waite. Uwaambie cheo sina tena, usije ukaanza kunipamba. Mlango nitafungua mimi, na wote nitawasalimia kwa huu. Atakayesita, arudi kwake.

Mimi nitasimama niseme nini mbele ya watu? Sijui bado. Ninamsikia chumbani anaugulia vidole ambavyo havipo. Bwana, hilo linaniumiza, nakuambia wazi. Na asante kwamba atakuwa mlangoni.

Shati lake jeupe nimelipiga pasi, vifungo nimeviacha wazi vyote. Wanakuja Jumapili.