Jembe la posa limekatika mlangoni

Jumamosi. Mvua ya alfajiri imelaza vumbi lote la Chemchem, na moyo wangu leo mweupe. Kisomo cha watu wazima kimenifundisha kuandika, basi naandika. Herufi zikipinda, shauri yao.

Mjukuu wangu Zainabu kaposwa na Kasimu, mhunzi wa Itetemia. Siku hizi watu wanaposa kwa pesa na vitenge. Mimi nimeng'ang'ania jembe moja, alilolifua mposaji kwa mkono wake, kama marehemu baba, naye mhunzi, alivyomdai mume wangu.

Wiki iliyopita Kasimu akaleta jembe linang'aa kama kioo. Nikaligonga kwenye jiwe la mlangoni.

Likakatika vipande viwili.

Nikatazama palipokatika. Chembe kubwa kubwa, kama chumvi ya mawe. Nikamwambia mbele ya wajomba zake, "Chuma hiki umekipika, hukukifua. Ulikisahau motoni."

"Nilikuwa namwaza Zainabu, Bibi."

"Basi nenda ukamwaze na nyundo mkononi."

Zainabu akaninunia. Ugali wangu ananiwekea na kwenda zake. Nami, niseme kweli, niliogopa. Mwanamume mwingine angeona kadhalilishwa, asirudi tena. Je, mtoto akikosa mume kwa ajili ya mdomo wangu?

Leo karudi.

Viganja vimechubuka. Anasema alikipiga chuma kikawa bapa, akakikunja, akakipiga tena, akakikunja tena, moto wa wastani tu, mpaka bega likamkataa. Mkia wa jembe, ule unaopenya kwenye mpini, kauacha mrefu makusudi.

"Kata ncha uone mwenyewe, Bibi."

Nikaukunja, ukakunjika bila kukatika. Ikabidi yeye mwenyewe atie tindo, ile patasi ya kukatia chuma. Ndani, chembe laini kama unga wa muhogo, macho yangu haya yamehangaika kuziona. Ndivyo baba alivyokuwa akisema: kadiri unavyokitesa chuma ndivyo chembe zinavyosagika, na chembe zikisagika hakikatiki ovyo.

Nikaligonga jembe mlangoni kwa nguvu zangu zote. Jiwe ndilo lililomeguka.

Zainabu akacheka, mara ya kwanza wiki nzima. Nikamwambia, "Haya, mke mwenzangu, bwana mchukue wewe. Jembe linakwenda na mimi shamba la ujamaa."

Kesho wajomba wanarudi kupanga siku ya ndoa. Inanibidi nitafute jiwe jingine, mgeni asije akajikwaa.