Nitoe Kwa Hiyo Kompyuta

Nakuru Showground
10 Machi 2008

Wangare,

Salamu sikupi. Mwaka jana ulikuja Molo na kamera, ukanipiga picha mbele ya nyumba yangu, ukasema ni ya kazi yako ya matangazo huko Nairobi. Jana Paresh mwenye saiba, lile duka la kompyuta, akaniita: "Mzee Hiram, kuja ujione!" Kumbe umenifanya kikaragosi cha kuuza unga kwenye mtandao. Mtu akibonyeza kofia yangu, nacheza kama mlevi! Nusu ya Nakuru ilipanga foleni kunibonyeza. Mimi, niliyemvuta kiboko mkia pale Naivasha hadi akaomba msamaha!

Hata kuniuliza hukuniuliza. Huku kwa mahema ya sisi tuliofukuzwa Molo siitwi mzee tena, ni "Cheza, boss!" Nitoe humo kabla ya Ijumaa, ama nije hiyo ofisi yenu na rungu.

Anti yako Cate pia alienda kuona. Hakucheka. Alibonyeza mlango wa nyumba yetu pichani, ukafunguka. Akabonyeza tena, ukafunguka tena. Tangu ichomwe Januari kwenye vurugu za uchaguzi, hakuwa ameiona. Paresh alimwachia kiti mpaka akafunga duka.

Basi nitoe mimi. Nyumba usiiguse.

Mjomba wako, na hasira bado ninayo,
Hiram