Kilima Kilichohama Chini ya Bahari

Kaka Ouma,

Huku mtaani Huruma maji yamepotea tena na Achieng wangu anaota meno, kwa hivyo ukiona nimekatiza neno ujue nimembeba. Lakini jana alikuja Nuru, yule mliyekuwa mkipima naye bahari melini, na tangu aende sijatulia.

Ulituacha wakati wakubwa wako kazini wakisema ramani yako ina kosa. Wewe ulichora kilima kwenye mteremko chini ya bahari. Meli nyingine ikapita baadaye, haikukiona. Wakasema ulisahau kuondoa kujaa na kupwa kwa maji kwenye hesabu zako. Ukaingia kaburini na jina la mtu aliyekosea. Liliniuma kuliko... basi.

Nuru anasema yeye na wenzake walirudi huko. Walifuata njia yako ile ile, wakituma sauti chini na kungoja irudi, kisha wakalaza ramani mpya juu ya yako. Mabonde yakalingana, miamba ikalingana. Kama ungesahau kujaa na kupwa, sakafu yote ingepanda au kushuka pamoja. Tofauti ilikuwa pale penye kilima tu. Na chini zaidi kuna rundo la matope ambalo kwenye ramani yako halikuwepo.

Kiliporomoka, Kaka. Hukukosea.

Nikakumbuka ulivyochukua sinia la Mama, ukatia unga na maji, ukaliinamisha polepole. Unga ukakaa, ukakaa, halafu ukashuka wote sakafuni. Mama akafoka, "Wewe profesa, hiyo ni ugali ya jioni unamwaga!" Nawe unacheka: "Lakini Mama, mbona umeshuka sasa, si dakika iliyopita?"

Hilo ndilo nililomuuliza Nuru. Kilima kizima kinahama na hakuna aliyesikia? Ni tetemeko? Ni matope yalizidi uzito? Hajui. Watapima tena, na tena. Nami nataka kujua, mimi niliyeishia kidato cha pili.

Ila ramani mpya haina jina lako. Nuru akasema ataona. Nikamwambia, "Dadangu, usione. Andika." Bila ramani yako, wangejuaje kuna kitu kimehama?

Pumzika sasa. Nitampigia simu Nuru mpaka jina lako likae pale, na kila wakirudi kupima nitauliza kilichokisukuma kilima chako. Nimechoka, Kaka, lakini si kwa hili.

Dadako, Akinyi