Mkarafuu wa Kizimbani

Malindi, Unguja
3 Februari 1999

Mwanangu Basma,

Marahaba, na salamu tele. Mie mzima, ila meno mawili yameniaga. Huko Leeds baridi imekubakisha?

Umeniuliza mamako Reem alikufa na nini. Basi usimsikilize mtu, mtaa mzima wanakieleza vibaya! Binamu yako Khalil anasema homa, Jaku jirani anasema kijicho. Mwenye kisa mie. Ilikuwa 1973, msimu wa karafuu. Mamako alikwenda Kizimbani, akapanda mkarafuu mrefu kuliko mnara, tawi likakatika. Nlimdaka kwa mikono hii hii ilokoroga halwa ikaliwa mpaka Maskati! Lakini kifua kishaumia. Miezi minane, akenda zake.

Na wewe kazi yako ipi hasa? Wakiniuliza barazani nasema unawasomesha Wazungu udaktari.

Babako,
Hashil

Leeds
2 Machi 1999

Baba yangu, shikamoo.

Sisi wazima. Mjukuu wako Sumaiya katimiza miaka tisa, anakusalimu.

Simsomeshi mtu, Baba. Tunaotesha chembe za saratani ya matiti. Zamani zikioteshwa juu ya kisahani bapa, na hapo nzima na zenye maradhi huwezi kuzitofautisha. Sisi tunazitia ndani ya ute mzito, kama halwa yako kabla haijashika. Humo zinapata juu, chini na ubavu, kama mwilini. Zilizo nzima zinajipanga duara, katikati wazi, zinatulia. Zenye maradhi hazijui kusimama, zinarundikana mpaka uwazi wote unajaa. Hapo ndo unazijua.

Sasa nisikilize. Mama mtu wa mjini, alipanda mkarafuu na buibui? Nakuuliza kwa sababu nimepapasa uvimbe kwenye titi la kushoto. Daktari anasema kwa umri wangu huenda si kitu, tungoje miezi sita. Lakini kama mama alikuwa nao, hangoji hata wiki. Niambie kweli.

Mwanao,
Basma

Malindi
11 Aprili 1999

Mwanangu Basma,

Marahaba. Uvimbe! Na mie nnao kisogoni tangu ujana, nautilia kofia. Unazitazama mno hizo chembe zako, sasa unaziona mpaka kwenye chai.

Mamako kifua chake kilikuwa kizima mpaka siku ya mkarafuu. Nakuapia. Huniamini? Muulize Bi Mwanakheir alomuosha, bado yuhai.

Mbusu Sumaiya.

Babako,
Hashil

Leeds
20 Novemba 1999

Baba, shikamoo.

Nilikuamini, nikangoja miezi sita. Titi wameshalikata, na maradhi yameshafika kwapani.

Bi Mwanakheir nilimpigia simu jana. Ulijua unamtaja nani, muosha maiti hatoi alichokiona. Nikamuuliza, "Bibi, titi la mama lilikuwaje?" Akasema, "Mwanangu, nlichokiona nlimwachia Mola." Kisha akalia mpaka simu ikakatika. Mtu halii hivyo kwa mkarafuu.

Chembe zangu mwenyewe wamezitia kwenye ute. Mwenzangu aliniuliza kama ntazitazama. Nimezitazama. Zimejaa, Baba. Katikati hapana nafasi.

Sumaiya naye ni mwanamke. Kwa ajili yake, si yangu, niandikie kweli.

Basma

Malindi
30 Januari 2000

Mwanangu Basma,

Nakuamkua, hata kama hutaki. Khalil kaniambia ukisikia sauti yangu unaweka simu chini. Barua hii nimeianza mara saba.

Mamako alinionesha donge Ramadhani ile ya 1973. Kama punje ya kunde, chini ya chuchu. Akasema, "Hashil, nipeleke hospitali." Nikamwambia mke wangu hatoshikwa titi na daktari mwanamme, barazani watanicheka. Nikamtania kuwa anataka kushikwashikwa. Hakuniomba tena. Likawa kama ndimu, likapasuka, nikawa nachoma ubani wageni wasisikie harufu. Hata shoga zake sikuwaruhusu kuingia. Siku alokufa nlikuwa nimempakata.

Bi Mwanakheir alipomaliza kumuosha alinitazama machoni mara moja. Tangu hapo miaka ishirini na tano, halwa yangu haijatiwa kinywani mwake.

Mwambie Sumaiya asingoje.

Lakini na wewe usiwaachie watu waseme babako muongo. Kifua kiliumia kweli. Miezi minane kweli. Mikononi mwangu, hiyo pia kweli. Nlichotunga ni mkarafuu tu.

Babako,
Hashil