Hema la Uwanjani

Jumatatu, 12 Mei
Zamu ya asubuhi. Wodi imejaa watoto wa kuhara. Keshokutwa wanakuja wageni kutoka Dodoma kupima kama hospitali yetu inaweza kutoa timu ya dharura, ya kutumwa popote nchini yakitokea maafa. Mganga mfawidhi kanikabidhi maandalizi. Nimefurahi kupita kiasi.

Jumanne, 13 Mei
Hema la zoezi la kesho limesimama uwanja wa mpira. Watu nimewachagua mwenyewe. Saidi yumo, ndiye mtaalamu pekee wa dawa za usingizi za upasuaji tuliye naye. Agnes, mkunga, akauliza, "Sista, na huku atabaki nani?"
Nikamjibu kwa ukali. Asubuhi moja tu, nikasema.

Jumatano, 14 Mei
Zoezi lilikwenda vizuri. Majeruhi wa kuigiza, machela, wageni wanatikisa vichwa kwa kuridhika. Agnes akapiga simu. Kuna mama kutoka kijiji cha Issuna, Zainabu, kaletwa kwa bodaboda. Mtoto kakaa vibaya tumboni, lazima mama apasuliwe.
"Naomba Saidi arudi."
"Subiri kidogo, zamu yake ya kuonyesha inakaribia."
Akapiga tena. Nikazima simu. Mimi, kwa mkono wangu.
Nilimwachia Saidi baada ya makofi. Tulikimbia. Mama amepona. Mtoto, wa kike, hakulia. Nimemfunika mwenyewe.
Jioni wageni walinisifu. Nikawapa mkono uleule.

Alhamisi, 15 Mei
Kikao cha kufunga. Nikasimama bila kuitwa. Nikasema hatuko tayari. Timu ikitoka, hospitali inabaki majengo. Nikaeleza ya jana, na kwamba Saidi nilimzuia mimi. Mganga mfawidhi alitazama meza. Mgeni mmoja aliuliza maswali mengi, kwa upole. Nilidhani nitapata nafuu. Wapi. Zainabu yuko kitanda cha dirishani na bado hajui nilichofanya.

Ijumaa, 16 Mei
Nimepita wodini kwake mara kadhaa. Kila mara nimejifanya natafuta kitu.

Jumamosi, 17 Mei
Nimekaa kitandani kwake leo. Nikamwambia yote: hema, simu, makofi. Hakunitukana. Alikoroga uji aliouleta mama mkwe wake mpaka ukapoa.
Kisha akasema, "Wamemzika nikiwa bado nimelewa dawa. Wewe ulimwona?"
"Nilimwona."
"Alikuwaje?"
Nikamweleza. Nywele nyingi, nyeusi sana. Vidole virefu. Kidevu kama chake.
Akafumba macho. Akaniomba nianze tena, polepole. Nikaanza tena.