Tulimkata Shemeji Kwenye Bodi, Sasa Wanataka Picha ya Mguu Wake

Dada Mandira, nakusalimu kwa heshima na naomba unisaidie. Nimekuwa nikisoma ukurasa wako tangu sijaolewa, na siku zote nilidhani wanaokuandikia ni watu waliokosa wa kusema naye nyumbani, sikujua kwamba mtu anaweza kuishi kwenye nyumba iliyojaa watu na bado akakosa, leo zamu yangu imefika na nimechoka kulia jikoni nikisingizia vitunguu.

Mimi ni mke wa mtu, nina watoto wawili, tunaishi hapa Patan kwenye nyumba ya ukoo wa mume wangu. Kaka yake mkubwa, Asakaji, anakaa chumba cha chini, sisi tuko juu yake, na jiko liko juu kabisa chini ya paa kama nyumba zote za kwetu. Kaka Asakaji ni fundi wa sanamu za shaba, hakuoa, mtaani walikuwa wakimtania kwamba mkewe ana magurudumu mawili na kengele. Yeye ndiye aliyeanzisha chama chetu cha waendesha baiskeli, yeye na jamaa zake wachache, wakizunguka mji kila Jumamosi asubuhi na kwenda manispaa kuomba njia ya baiskeli hadi makarani wakawa wanajificha wakimwona. Na ndiye aliyenifundisha mimi kuendesha, nikiwa bi harusi mpya nisiyejua hata bomba la maji liko wapi, alishika siti kwa nyuma akakimbia nami ua mzima huku vikongwe wakipiga kelele, "Jamani, shemeji anamkimbiza bi harusi!" naye anawajibu, "Akianguka mtamwokota nyinyi?" Kwetu mke wa mdogo mtu na shemeji yake mkubwa hukaa mbalimbali, hawataniani, lakini yeye alinifanya nikajiona nimezaliwa ndani ya nyumba ile.

Mwaka juzi lori la mchanga lilimgonga pale darajani, kwenye makutano. Alikuwa ndani ya mstari wa baiskeli, kofia ngumu kichwani, kizibao cha kung'aa mwilini, yaani kila tulichowafundisha watu wafanye alikuwa amekifanya. Mguu wa kulia ulikatwa juu ya goti. Tangu siku hiyo wanaokuja Jumamosi wamekuwa wakipungua, na mimi mwenyewe, Dada, nikifika daraja lile nashuka nakokota baiskeli kwa miguu, mtu akiniuliza nasema nimepata pancha.

Mwaka huu ilibidi tuchague bodi mpya. Kamati ya uteuzi ilikuwa ya watu watatu, mimi nikiiongoza, pamoja na Sujan Bajracharya, kijana mwanasheria aliye hodari sana wa kusema, na Bi Shobha, mwalimu mkuu mstaafu. Kazi yetu ilikuwa kupeleka majina saba mbele ya wanachama, na kwa kawaida yakishapelekwa hupita kwa makofi. Kaka Asakaji aliomba. Alinisimamisha kwenye ngazi akaniambia, "Shemeji, nimewapa jina langu. Nataka kurudi kazini. Mguu umekwenda, mdomo bado upo." Nikacheka, nikafurahi kweli, maana tangu ajali sikuwa nimemsikia akitaka kitu.

Sisi watatu wa kamati tulikutana kwenye kibanda cha chai. Tulipofika kwenye jina lake Sujan akashusha sauti, akasema, "Mimi mzee Asakaji nampenda kama baba yangu. Lakini dada, tusidanganyane. Mzazi anamleta mtoto Jumamosi, anamkuta mjumbe wa bodi kwenye magongo. Atauliza, imekuwaje? Tumjibu nini?"

"Tumjibu lori," nikasema.

"Ukishamjibu hivyo, mtoto anarudi nyumbani. Na wa jirani yake haji."

Bi Shobha alikoroga chai yake muda mrefu kuliko sukari iliyokuwamo, kisha akasema, "Tungempa cheti cha heshima. Kizuri, chenye fremu." Wakanitazama. Mimi nikasema sawa. Hakuna aliyenishika mkono, Dada, hakuna aliyenitisha, na ubaya ni kwamba ndani ya moyo nilijua Sujan anasema kweli kuhusu watu, kwa sababu hata mimi nikiyaona yale magongo asubuhi pale mlangoni, baiskeli yangu huwa nzito.

Sujan akaniambia, "Wewe ndiye wa nyumbani, mwambie taratibu kabla ya mkutano." Nikakubali. Nikamshushia chai, nikamkuta anapiga msasa kidole cha sanamu, kando yake kuna suruali mpya ambayo fundi cherehani alikuwa ameikunja mguu mmoja na kuufunga kwa vifungo vizuri. Akaniuliza, "Siku ya mkutano nivae kofia au niende kichwa wazi?" Nikamwambia, "Vaa, Kaka, inakupendeza." Nikapanda ngazi. Kesho yake nikashuka tena, nikazungumzia mvua.

Siku ya mkutano alikaa mstari wa mbele, amevaa kofia. Sujan akasoma majina, langu la kwanza kwa sababu walinipendekeza niwe mwenyekiti, na alipomaliza la saba Kaka alikuwa bado ameinama mbele, kiganja nyuma ya sikio, kama anayengoja la nane. Watu wakapiga makofi, naye akapiga. Wakapanga foleni kutuvisha mitandio ya pongezi, naye akajipanga, akasogea na magongo yake hadi mbele yangu, akanivisha, akasema, "Hongera, mwenyekiti." Kile cheti chenye fremu alikiacha kwenye kiti.

Tangu siku hiyo hajaniita shemeji. Hapandi tena jikoni kula nasi, yeye ambaye hata alipotoka hospitali alizipanda ngazi zile kwa kujivuta kwa kamba, akikataa katakata kushushiwa chakula kama mgonjwa. Sasa namshushia, ananiambia, "Weka hapo, mwenyekiti." Mume wangu anadhani ni kidonda kinamsumbua, anataka kumpeleka kwa daktari. Aliponiuliza, "Hao wenzako walimkataaje kaka?" nilimjibu kwamba wengi walishinda.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa aibu, kumbe. Bodi mpya, Sujan na Bi Shobha wakiwamo, imekaa kikao cha kwanza, tukakubaliana kuiomba manispaa iweke nguzo za kuzuia magari pale darajani, na mwezi ujao tutasikilizwa. Sujan akasema, "Ombi bila picha litasomwa na mchwa. Na sisi kisa tunacho chetu wenyewe. Mwenyekiti, muombe mzee ile picha ya hospitali, na nyingine ya sasa, mguu uonekane vizuri." Bi Shobha akaongeza, "Na aandike maneno machache, yenye kuhuzunisha." Hakuna aliyeona haya. Nilitazama uso mmoja mmoja, sikuona. Nami nikatikisa kichwa.

Sasa sijui nifanye nini. Nikimwomba hiyo picha nitakuwa nimemuua mara ya pili. Nisipomwomba, daraja litabaki vilevile, na juzi tu muuza maziwa amegongwa palepale akavunjika mkono, maziwa yakamwagika barabara nzima. Nijiuzulu? Nimwambie mume wangu? Nimefikiria kuiuza baiskeli yangu na kusahau kwamba niliwahi kupanda kitu. Nashika sahani, nashuka ngazi, najiambia leo nitasema, nafika chini nasema, "Chakula, Kaka," basi. Nisaidie.

Mke wa Mdogo Mtu, Patan

*

MANDIRA ANAJIBU

Mdogo wangu, nimekusoma na nimekuonea huruma. Umebeba kitu kizito na umekibeba peke yako kwenye ngazi nyembamba. Huruma nimeshakupa, sasa kaa vizuri tuseme.

Maneno ya Sujan umeniandikia yote. Kijiko cha Bi Shobha nimekisikia mpaka huku. Lakini ulipofika kwako ukasema "sawa" ukapita haraka, kisha mumeo ukamwambia wengi walishinda. Wengi gani? Mlikuwa watatu, na mmoja ni wewe. Ungesema hapana siku ile, angalau lingebishaniwa.

Tena hukustahili kuwa pale mezani. Hata kwenye vyama vyetu vya kuzikana, vyenye mizozo kuliko soko la mboga, likitajwa jina la ndugu yako unatoka nje mpaka waamue. Shemeji yako alipoomba, ungeinuka umwachie mwingine kiti. Mwanasheria wenu analijua hilo vizuri. Kwa nini hakukukumbusha? Fikiria mwenyewe ni nani aliyehitaji mtu wa nyumbani wa kupeleka habari mbaya.

Sitakudanganya kwamba Sujan hana hoja. Kweli wapo watakaoyaona magongo na kumrudisha mtoto nyumbani. Wana haki, daraja lenyewe linatisha, na wewe unalijua kuliko wenzako wote kwa sababu unalivuka kwa miguu. Ila ulilificha hilo kwa neno pancha, ukawa unawaongoza watu waogopao huku ukijifanya huogopi. Katika mji mzima mtu mmoja angekuelewa bila kukucheka, naye anaishi chini ya sakafu yako.

Kuhusu picha, usiende kuiomba. Nakukataza. Wanautaka mguu, mwenyewe hawamtaki, na tena wanataka wewe ndiwe ukauchukue. Warudishie kazi hiyo. Waite wajumbe, uwaambie: kama bodi inamhitaji Asakaji, bodi nzima itashuka mlangoni kwake, itakaa sakafuni, imuulize kama yuko tayari kusimama mbele ya manispaa na kusema mwenyewe, kwa maneno yake, yawe ya kuhuzunisha au ya matusi. Picha aichague yeye, au isiwepo. Akikataa, amekataa, msimbembeleze kwa kumtaja muuza maziwa. Nendeni kwa muuza maziwa mwenyewe mkamuulize kwa adabu hiyohiyo. Simameni pale darajani mhesabu malori. Lipo la kupeleka hata bila yeye.

Usijiuzulu. Najua ungependa, ungejisikia msafi kwa siku chache. Kiti kingekwenda kwa Sujan, na shemeji yako asingepata chochote. Na usimpenyeze kwenye bodi kwa mlango wa nyuma ukadhani umemtendea wema, maana kiti cha kuonewa huruma ni kile cheti chenye fremu kwa sura nyingine. Soma katiba ya chama chenu. Kama inaruhusu mkutano maalumu, uitishe, waambie wanachama wazi kwamba jina lake lilikatwa kabla halijawafikia na wewe ulikuwamo, halafu wapige kura wao. Kama anataka bado. Muulize kwanza. Na ujue kwamba anaweza kushindwa kura hiyo mbele ya watu, kwa mikono ya watu aliowafundisha kuendesha. Sina dawa ya hilo.

Mumeo mwambie, lakini awe wa pili. Wa kwanza ni Asakaji. Na mwambie upesi, kabla hajampeleka kaka yake kwa daktari kutafutiwa kidonda ambacho daktari hatakiona.

Sasa namna ya kusema. Usishuke na sahani. Mikono yako ikiwa na sahani utaiweka, utasema "chakula, Kaka," utageuka. Shuka mikono mitupu, tena mchana, akiwa kwenye kazi yake. Kaa chini. Mwambie: "Jina lako tulilikata sisi watatu. Nilisema sawa, sikulazimishwa. Nikaogopa kukuambia, nikakuacha uende ukalisikie ukumbini." Ishia hapo. Usimtaje Sujan, usitaje watoto wa watu. Na usilie, nakuomba sana, maana ukilia itambidi akubembeleze, na huyo mtu amechoka.

Kisha nyamaza, naye aseme analotaka. Akikutukana, pokea. Akikwambia, "Toka, mwenyekiti," toka. Kesho yake rudi, si kwa kukiri tena, utakuwa umeshakiri. Rudi umuulize anataka nini kifanyike pale darajani, maana alikuwa analisemea kabla wewe hujajua kushika breki. Alitakalo kalifanye, hata kama amekujibu akiwa amekupa mgongo.

Kukuita shemeji huenda asikuite tena. Umeniuliza mambo mengi, hilo hukuniuliza, nami naona ndilo ulilotaka kulijua. Sijui, mdogo wangu. Nimepokea barua nyingi za watu waliosema kweli wakiwa wamechelewa, na baadhi yao mpaka leo wanakula peke yao. Akikaa mwaka mzima bila kuzungumza nawe, lipiganie daraja mwaka mzima. Inawezekana nguzo zikawekwa na yeye usimpate.

Shuka hata hivyo.