Nimemficha Wifi Baridi ya Bolivia

Mshauri mpendwa,

Nishike mkono kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, maana siku hiyo ndiyo tunakwenda kukata tiketi, na tukishakata uongo wangu utakuwa na risiti.

Mimi ni mfumaji wa masweta ya shule, mwanamke wa miaka hamsini na sita, na kazi hii naifanya na wifi yangu, mke wa kaka yangu, huu mwaka wa ishirini na mbili, chumba kimoja, mashine mbili, mimi nafuma miili na mikono, yeye anafuma kola na kuunganisha, na kwa muda wote huo hatujawahi kununiana zaidi ya siku mbili, na hata hizo siku mbili chai tulikuwa tunamiminiana. Watoto wangu wameshakua na kwenda zao, wake pia, kaka yangu anaoka mikate yake na hana neno na mtu, kwa hiyo usidhani nakuandikia huku nalia. Nina raha zangu, ndiyo maana jambo hili moja linaniwasha sana.

Miaka sita iliyopita mtu anayetuuzia uzi wa jumla alitupa kalenda yenye picha za milima ya Amerika ya Kusini, kila mwezi mlima na wanyama wenye manyoya, na mwezi wa nane palikuwa na mama mmoja wa makamo yetu, amekaa mlangoni pake anasokota uzi kwa mkono huku anacheka na mtu ambaye haonekani pichani, na mimi nikamtazama yule mama mwezi mzima, kisha mwezi ukaisha nikakataa kufunua ukurasa. Wifi akaniuliza, "Humu ndani mwezi wa nane hauishi?" Nikamwambia nataka kwenda huko, nikamwone mtu kama yule akisokota. Alicheka mpaka akaharibu kola, kisha akasema, "Twende basi, nani katukataza?" Tangu siku hiyo kila oda ya shule ikilipwa tunatenga kidogo, na mwaka huu pesa zimetosha, zimetosha kwa kubana, si za kuchezea.

Wifi aliweka sharti moja tu. Alisema, "Wifi, mimi nimewafumia watu wa baridi miaka yote hii. Nikisafiri nataka mahali ambapo sweta halina kazi. Nataka bahari, nataka jua, nataka kukaa na miguu yangu ndani ya maji na mtu asiniulize oda yake imefika wapi." Nikamwambia sawa, na wakati ule nilikuwa namaanisha.

Nikaanza kuuliza bei, binti yangu akinisaidia kwenye simu, na mshauri, dunia ina bei. Brazil fukwe zake tulizipenda mpaka tulipoona vyumba vyake, Chile na Argentina tukazipita kama mtu anayepita dirisha la duka la vito, Peru ilinivuta lakini yale magofu maarufu ya mlimani, treni yake na kiingilio chake, vingetumaliza siku ya tatu, na kila tuliyemuuliza ni wapi mtu mwenye mfuko mwembamba anaweza kupumua, akatutajia Bolivia. Vyumba nafuu, chakula cha sokoni nafuu, mabasi nafuu, na akina mama wa kusokota wamejaa. Nikapiga hesabu, wiki tatu, watu wawili, na chenji inabaki. Ila Bolivia haina bahari hata ya dawa, na mji wanaoshukia wageni wengi uko juu huko ambako mtu akipanda ngazi kumi anatafuta pa kukaa, na asubuhi zake baridi inauma masikio. Ziwa lipo, kubwa kweli, nikajiambia maji ni maji, lakini nalo liko juu huko huko na ni la baridi.

Nikarudi kwa wifi nikasema nimepata nchi. Akaniuliza, "Bahari ipo?" Nikajibu, "Ipo."

Neno moja tu, mshauri. Nilijua nitalirekebisha kesho yake, na kesho yake nikamkuta amenunua kofia pana ya ukili, kesho kutwa akaja na magauni mawili mepesi na kandambili mpya, na wiki iliyofuata akaanza kujifunza kuogelea kwenye bwawa la shule moja tunayoifumia, mwanamke wa miaka hamsini na nne katikati ya watoto wa darasa la pili, anarudi kazini nywele zinachuruzika, ananisimulia jinsi alivyoelea mpaka akahesabu kumi na moja, na mwalimu wa kuogelea akampigia makofi. Ungekuwa wewe ungepata wapi mdomo wa kumwambia?

Basi badala ya kusema, nikafanya ninachokijua. Saa zile yupo bwawani, nikaanza kumfumia sweta zito kwa mkono, rangi ya udongo anayoipenda, shingo ndefu, na likawa linalala chini ya gunia la mabaki ya uzi, mpango wangu ukiwa kulitia kwenye sanduku lake siku ya kuondoka, ili tukishuka kwenye ndege baridi ikimpiga, nimvalishe na kumwomba msamaha kwa mkupuo mmoja. Najua unavyonitazama sasa hivi.

Jumatatu nimelitoa nimalizie shingo, nikakuta mikono imeongezwa. Upana wa vidole viwili kila upande. Sikuongeza mimi. Na uzi umefungwa mwishoni kwa kuzungushwa mara tatu, mimi nafunga mara mbili, wifi ndiye wa mara tatu, nazijua kazi zake kama ninavyojua mwandiko wake. Nikamchokoza kwa mbali, "Kuna mtu amepekua gunia la mabaki?" Akasema, "Nilikuwa natafuta uzi wa kijani," akaendelea na kola. Baada ya kitambo akauliza bila kuinua kichwa, "Wifi, huko tunakokwenda jua linachoma kweli?" Nikasema linachoma, na hilo si uongo, wanasema kule juu linachubua ngozi. Akasema, "Haya."

Nilimfuata kaka yangu kwenye tanuri lake anisaidie, akanijibu, "Mambo ya wifi na wifi siyaingilii, nilijifunza mapema." Sasa sijui kama wifi amedhani ni oda ya mteja na akairekebisha kama kazi nyingine yoyote, au anajua na anajitia hamnazo. Ninyamaze, litajisema lenyewe tukifika? Nibadilishe nchi, nimkose yule mama wangu wa kusokota? Au niseme, naye akatae kwenda? Hapo ndipo roho inaponitoka. Bila yeye mimi siendi popote, ndiyo maana nilidanganya.

Ni mimi,
Mfumaji niliyejifunga mwenyewe

*

Mfumaji,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nilikasirika, na sasa nakujibu nikiwa katikati.

Tuanze na hilo sweta, maana hapo umenishangaza. Miaka ishirini na mbili mtu anafanya kazi hatua tatu kutoka ulipo, kazi yake ni kuunganisha unachokifuma, halafu unajiuliza kama amelidhania oda? Mteja gani wa shule ana mabega ya wifi, kifua chake na rangi anayoipenda yeye? Na nikuulize kitu kimoja. Alijuaje kwamba mikono imepungua vidole viwili? Alilivaa, mama. Siku moja umetoka, akalitoa kwenye gunia, akalivaa, akanyoosha mikono, akaona inamwacha nje kwenye kifundo, akakaa akaongeza. Mtu aliyefanya hivyo hajadanganyika tena. Jina la mlima huenda halijui, ila kwamba unampeleka kwenye baridi analijua vizuri. Lile swali la jua alikuwa anakufungulia mlango, nawe ukaurudishia kwa adabu.

Anaendelea kwenda bwawani kwa sababu hajakata tamaa na wewe. Na pengine kwa sababu amegundua anapenda kuelea. Usimwonee huruma kwa hilo, mwonee wivu.

Sasa nikuseme kidogo. Unaniambia bei, bei, bei. Bei hazikukudanganyisha. Ulitafuta nchi nafuu yenye mwanamke wa kusokota uzi, na ulipoipata ukaacha kutafuta. Siku ngapi ulikaa na binti yako kutafuta nchi nafuu yenye bahari? Katika barua yako yote siioni hata siku moja ya namna hiyo. Pesa za safari mmezitenga wawili, lakini safari umeipanga ya mtu mmoja, mwenzako ukamwekea sweta. Zuri, nakubali, na nina hakika ni zito, mimi mwenyewe nakuandikia hapa nimevaa soksi mbili na ningelitamani. Lakini msamaha hauvalishwi mtu akiwa ameshatetemeka, mbali na kwao, hana pa kugeukia.

Mngekaa pamoja na ramani, mngeiona Ecuador. Nchi ndogo, nadhani ndiyo maana mliiruka. Milima ipo, wanyama wa manyoya wapo, kuna mji unaitwa Otavalo wenye soko la wafumaji ambalo watu wanalisifia, na ukitoka milimani kwa basi la mchana mmoja unafika pwani yenye joto. Haiwi rahisi kama Bolivia, sikufichi, na wanatumia dola, kwa hiyo hakuna cha kubahatisha na ubadilishaji. Vile visiwa vyake vya kobe wakubwa mviangalie kwenye kalenda, msivisogelee, vitakula pesa zote. Laleni nyumba za wageni ndogo zinazoendeshwa na familia, kuleni mchana pale sokoni mnapoona wauzaji wenyewe wanakula, safirini kwa mabasi. Mkienda miezi ya mwanzo wa mwaka, pwani kuna joto na mvua pia, wifi asije akasema hakuambiwa. Hesabu ya haraka haraka inaweza kuwapa wiki mbili badala ya tatu. Au mnaweza kubaki na Bolivia yenu, maana nako mabondeni kuna joto la kutosha, bahari tu ndiyo hakuna. Wiki tatu bila bahari au wiki mbili zenye bahari, hilo ni swali la watu wawili, na wewe umelijibu peke yako.

Kokote mtakakokwenda kwenye urefu ule, muoneni daktari kwanza, mna miaka hamsini na ushee, si mabinti. Siku mbili za mwanzo tembeeni polepole, msijitie ubingwa wa ngazi. Ulizeni kuhusu chanjo ya homa ya manjano na kadi yake. Viza na bei msiziamini kwa kuambiwa na mimi wala na simu ya binti yako, ziulizeni ubalozini na kwa wakala, kabla hamjalipa hata senti.

Haya. Kesho asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, kaa mbele yake. Usianze na sweta, wala na machozi, wala na yule mama wa kwenye picha. Sema, "Wifi, nilikuambia bahari ipo. Haipo. Nilijua haipo nilipokuwa nasema." Halafu funga mdomo. Hapo ndipo patakuwa pagumu kwako, nakuona tangu huku. Atakusema, na ana haki, mwache akuseme mpaka achoke, usimkatishe kwa kumweleza bei za vyumba. Mkinuniana, nunianeni, mnajua namna yenu, endeleeni kumiminiana chai. Akishatulia, mpe ramani na kalamu, mwambie hesabu zote mlizo nazo, na umuulize anataka nini. Umuulize kweli, siyo ile ya kuuliza huku jibu umeshalifuma.

Unaogopa atakataa kwenda. Mtu anayetaka kukataa haongezi mikono ya sweta. Angelifumua lote akarudisha uzi kwenye gunia, na wewe ungejua. Yeye amelirefusha, maana yake alishakata shauri kwenda na wewe hata huko kwenye baridi, na siku zote hizi amekaa anasubiri kuona kama utamheshimu kiasi cha kumwambia. Hata mimi ingeniuma. Usimwache asubiri siku nyingine.

Ijumaa nendeni wote wawili kwa wakala. Wakala akiuliza mnasafiri kwenda wapi, wewe nyamaza. Ajibu wifi.